Redio Niliyoitengeneza Vizuri Zaidi

Nina tabia moja mbaya ambayo wateja wangu wote wanaijua: kifaa kikifika mkononi mwangu kikiwa kizima, bado nitakifungua. Baba anasema nilianza kwenye kambi ya wakimbizi, nilipokuwa na miaka kumi na kitu, siku niliyofungua redio ya jirani aliyetaka tu kubadilishiwa betri. Sikatai. Kambini, upande wa Tanzania, hapakuwa na vitu vingi vya kufungua, na fundi wa redio za upepo, zile za kuitana, wa shirika lililotuhudumia alichoka kunifukuza mlangoni kwake, akaamua kunifundisha. Nilikaa naye miaka mitano. Tuliporudi Burundi, wenzetu wakibeba mabati na magodoro, mimi nilibeba mfuko wa zana na redio ndogo ya mkononi ambayo fundi yule alinipa siku ya kuagana.

Tulirudi Gashoho, mkoani Muyinga, alikozaliwa baba. Mama hakurudi, tulimzika kambini. Baba alipata sehemu ya shamba la babu, akashukuru, akapanda maharagwe. Mimi nilishindwa. Sokoni walinicheka Kirundi changu kwa sababu kilijaa Kiswahili cha Kigoma, na jembe na mimi hatukuelewana hata siku moja. Nikapata kazi Gitega, kwenye shule moja ya watawa, mtaa wa Mushasha, ya kutunza vyombo vya maabara, spika za kanisani na chochote kingine chenye waya.

Huko ndiko nilikomkuta mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia, lakini hakuna mkuu wa shule aliyethubutu kumnyang'anya ufunguo wa chumba kidogo nyuma ya maabara, kilichojaa mashine zake. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Gashoho. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtaja baba, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo, halafu akauliza kama baba bado anapenda redio.

Habari yao niliipata kwa vipande, kingine kwake, kingine kwa wapishi wa shule ambao hawakosi kujua kitu. Zamani yeye na baba walifundisha shule moja na kukaa nyumba jirani hapo hapo Mushasha. Walikuwa wanaredio wa ridhaa, wale watu wanaoongea na wenzao wa mbali kwa redio za kujiundia, bila mshahara wala biashara, kwa kupenda tu. Waliongea na watu wa Bukavu na wa Kigoma, na kwa sababu hiyo hewani walizoea Kiswahili, hata wao kwa wao, ingawa nyumbani waliongea Kirundi. Kisha vurugu zikaja. Baba akakimbia na mama, nami nikiwa mgongoni. Tangu hapo, karibu miaka ishirini, hawakuwa wamesemezana hata neno.

Nilimwambia mwalimu namba ya simu ya baba ninayo, ampigie. Akasema simu ni kitu cha haraka mno. Nikampigia baba nikamwambia vivyo hivyo, naye akajibu kwamba simu ni ya kuulizana bei ya maharagwe. Wanaume wawili wazima, wenye mvi. Nilicheka, lakini kwa hasira.

Baadaye shirika moja lililokuwa likifunga ofisi, kwa kuwa wakimbizi wengi walikwisha kurudi, liliuza magari yake mabovu na redio zilizokuwa ndani. Mwalimu akanunua redio mbili. Aliziweka juu ya meza yangu akasimama pale, akicheza na vifungo vya shati lake, kisha akaniuliza kama baba angekubali kupokea moja. Nikampelekea baba swali. Alikubali bila kuongeza neno, na mimi kwa kiburi changu nikaona mambo yamekwisha.

Redio hizi za magari zilitengenezwa kwa ajili ya kazi, si kwa watu wa ridhaa. Hazina kitufe cha kutafutia stesheni. Zinaongea kwenye njia chache tu zilizoandikwa ndani yake, na masafa ya ridhaa yako chini kidogo ya pale zinapoishia. Ukiilazimisha kushuka inagoma, inalia piii bila kukoma, na hairushi sauti. Basi unaibembeleza. Unaongeza kapasita ndogo kama punje ya mtama pale masafa yanapozaliwa, kisha unazungusha koili moja baada ya nyingine, robo kwa robo, mpaka ule mlio unakatika. Bisibisi ya chuma haifai, maana chuma chenyewe kinaivuruga koili, na ukikitoa tu kazi yote inarudi nyuma. Mimi hutumia sindano ya plastiki ya kufumia sweta, niliyoisugua ncha kwenye jiwe. Ilikuwa ya mama.

Redio ya baba niliishughulikia kwanza, Gashoho, juu ya meza ya chakula. Kuandika njia mpya kunahitaji kompyuta, na kompyuta niliazima kwa mfanyabiashara Mkongomani wa soko la Muyinga, ambaye alikuja nayo mwenyewe kwa pikipiki na kukaa mlangoni akitazama saa. Niliandika njia moja tu, nikaona inapokea, nikamrudishia kompyuta yake. Kazi ile iliniudhi. Ilikuwa kazi ya kukimbizana, na nilijiapiza kwamba ya mwalimu nitaitengeneza vizuri zaidi.

Kweli, niliitengeneza vizuri zaidi. Nilikaa nayo siku tatu. Nilisafisha kutu, nikabadilisha nyaya zilizochoka, nikarudia koili mpaka nilipotosheka. Mwisho kabisa nikaweka toni. Toni ni mlio wa chini sana, sikio halisikii, unaopita chini ya sauti ya anayeongea. Redio iliyowekewa toni hufungua spika yake kwa redio yenye toni ile ile tu. Nyingine yoyote ikiita, spika inabaki imefungwa. Kambini tulikuwa na njia chache na watu wengi, malori ya maji, zahanati, walinzi, na bila toni ungesikia kelele za wenzako kutwa nzima. Fundi wangu alinifundisha kwamba redio isiyo na toni haijakamilika. Mkono wangu uliiweka kama unavyofunika sufuria, bila kuniuliza. Tena uliweka toni ile ya kambini, ambayo iko hata kwenye redio yangu ya mkononi. Nikatoka uani na hiyo ndogo yangu, nikamwita mwalimu, akanijibu, nikamwita tena, akajibu tena. Nilijisifu mbele yake bila aibu.

Vibali vyao vya redio vilichukua miezi kupatikana upya. Wakati wa kusubiri, mwalimu aliunda antena mbili kwa mabomba ya alumini na miti ya mikaratusi, moja akaituma Gashoho kwenye paa la lori la ndizi. Tulipatana kwamba kila siku saa kumi alasiri mwalimu ataita na baba atajibu.

Siku ya kwanza nilikaa naye. Aliita mara tatu, polepole, akitaja herufi zake na za baba, zile za kwenye vibali wanazoitana nazo hewani, kama anavyosoma majina darasani. Spika ilikaa kimya. Taa ndogo ya njano, ile inayoonyesha kuna kitu kwenye njia, iliwaka ikazimika, ikawaka tena. Nikamwambia asijali, hizo ni kelele za jenereta ya majirani. Jioni nikampigia baba simu nikamwambia hatukupata jibu lake.

“Milima, mwanangu,” akasema. “Milima ni mingi.”

Nikaelewa kwamba hakumsikia. Nikazungusha antena, nikabadilisha kebo, nikapanda juu ya paa mara nne ndani ya wiki moja mpaka watawa wakaanza kuniombea. Kila saa kumi mwalimu aliita, na kila saa kumi spika ilikaa kimya. Ilipofika siku ya tano aliniomba nisikae tena chumbani saa hiyo, nifunge mlango nimwache. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba labda tatizo si antena. Labda baba anasikia na hataki.

“Mi nataka jibu moja tu, mukobwa wanje,” akasema, akiniita binti yake kwa Kirundi. “Hata kama iko ya kunitukana. Nimezeeka.”

Nilimpenda mzee yule, nalisema wazi. Alikuwa ananiwekea chai kwenye chupa yake kila asubuhi, na alikuwa mtu pekee pale shuleni ambaye hakushangaa kuona msichana ameshika chuma cha kulehemu. Wiki ya pili ilipokwisha alikuwa amekonda usoni. Nikaomba ruhusa, nikabeba kipima umeme, nikapanda gari la Karusi hadi Muyinga na pikipiki hadi nyumbani, nikiwa nimeamini kwamba kosa liko upande wa baba, kwenye ile kazi yangu ya kukimbizana.

Nilifika Jumamosi, saa kumi imekaribia. Baba alikuwa sebuleni, amevaa shati safi, redio mbele yake juu ya meza, betri ya gari chini. Hakuonekana kufurahi sana kuniona. Alinionyesha kiti, akaniashiria nikae kimya. Kabla sijafungua mfuko wangu, redio ikaongea.

Ilikuwa sauti ya mwalimu, safi kabisa, kama yuko chumba cha pili. Alitaja herufi zake na za baba mara tatu. Baba akachukua maiki, akabonyeza, akasema, “Nakusikia. Nakusikia vizuri.” Akaachia. Mwalimu akangoja, halafu akakohoa.

“Hakuna mtu,” akasema. “Bon. Mi naendelea pale nilifika jana. Ile siku ya vurugu ulikuja ku nyumba yangu, mi nilikuwa nyuma ya mlango. Mkono yangu ilikuwa ku kufuli. Nilisikia mtoto iko nalia, nikajua uko na bibi yako, mama yake. Uligonga mara moja. Mi nikangoja ugonge tena. Kila siku najiambiaka, kama ungegonga mara ya pili ningefungua. Sijui kama ni kweli. À vous.”

Zamu ikawa ya baba, lakini safari hii hakubonyeza. Baada ya muda mwalimu akasema bon, kesho tena, na redio ikanyamaza.

Nilijua mara moja. Baba anamsikia kwa sababu redio yake haina toni, inapokea chochote. Mwalimu hamsikii baba kwa sababu ile redio niliyoikalia siku tatu, niliyojisifu nayo, inangoja toni ambayo baba hana. Ile taa ya njano haikuwa jenereta ya mtu yeyote. Ilikuwa ni baba, siku ya kwanza kabisa, akijibu.

Nikamwambia baba kwamba mwalimu hamsikii. Akasema anajua. Siku nne za mwanzo alidhani ni antena, na siku ya tano alikuwa ameshika simu anipigie, ndipo mwalimu alipoacha kuita akaanza kuongea peke yake. Kwanza aliongea habari za mvua na za wanafunzi wa zamani, nani amekufa, nani ni mbunge. Kisha akaanza kurudi nyuma, siku baada ya siku, kuelekea alasiri ile tuliyokimbia. Mtu anayejua unamsikia, baba akasema, haongei namna ile. Kwa hiyo alijibu kila siku kwamba anamsikia, ili asiwe mwongo, na mimi akaniachia habari za milima.

Nikamwambia huko ni kusikiliza mlangoni pa watu, na kwamba mwenzake anakonda. Nilipandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia baba. Nikamwambia naanza safari ya kwenda kuitengeneza kesho. Baba aliweka mkono juu ya redio.

“Ngoja kwanza,” akasema. “Nilikuwa nangoja amalize.”

Nikamuuliza kama alichosikia sasa hivi si mwisho. Alifikiri. Nje mbuzi wa jirani alikuwa anang'ang'ana na kamba yake, tukamsikiliza wote wawili.

“Basi katengeneze,” akasema.

Njiani kurudi Gitega ndipo nilipopata nafasi ya kukasirika sawasawa. Mtoto aliyelia mlangoni ni mimi. Yule mzee wa chupa ya chai alikuwa upande wa pili wa ubao wa mlango, umbali wa mkono, akanisikia nalia, na mama akaenda nami mpaka Tanzania kwa miguu na hakurudi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba kwa kuvaa shati safi kumsikiliza, nikajikasirikia mwenyewe kwa ile toni. Tulipopita Karusi nilikuwa nimeamua. Nitaiacha redio ilivyo. Aongee na ukuta mpaka achoke, na mimi nitasema milima.

Jumatatu asubuhi nilimkuta juu ya paa la maabara. Mzee wa miaka sabini na kitu, amevua viatu asije akateleza, anasukuma antena kwa bega lake ili iangalie Gashoho vizuri zaidi. Aliponiona aliniuliza kutoka huko juu kama baba ni mzima, kama maharagwe yameota, kama nimekula. Hakuuliza habari ya redio. Nilimwambia ashuke, ataanguka. Nikamshikia ngazi, na habari ya milima sikuweza kuisema.

Ndani nikamweleza. Nilisema redio yake haikuwa bubu, ilikuwa kiziwi, na aliyeiziba masikio ni mimi. Nikamweleza habari ya toni na ya kambini. Alikuwa mwalimu wa fizikia, hakuhitaji maelezo marefu. Alikaa juu ya kiti cha maabara, nyayo zake bado zina vumbi la paa.

“Kwa hiyo iko anasikia,” akasema.

“Tangu siku ya kwanza.”

“Yote?”

“Yote. Na ya juzi nilisikia na mimi.”

Alinitazama basi, kwa mara ya kwanza tangu tujuane alinitazama kama mtu anayehesabu umri wangu. Hakuomba radhi, na wakati ule ningemjibu vibaya kama angeomba. Aliuliza tu kama baba amesema kitu. Nikamwambia hajaniambia. Nilikuwa nasema kweli, na sikujua kama huo ni ukatili au la.

Kuondoa toni ilikuwa kazi ya dakika tano kwa kompyuta ya shule. Nilipomaliza mwalimu hakuwapo. Alirudi ikikaribia saa kumi, amenawa uso, amenyoa, amevaa koti la suti na tai, yale mavazi yake ya mahafali. Nikainuka nitoke kama alivyotaka siku zote. Akaniomba nibaki. Akasema na mimi nilikuwa pale mlangoni.

Aliita mara tatu. Taa ya njano ikawaka, na safari hii spika ikafunguka.

“Nakusikia,” akasema baba. “Wewe je, unanisikia? Ova.”

Mwalimu akabonyeza maiki. Akasema anasikia. Akasema mtoto amemweleza kila kitu, na kama baba anataka kumtukana yuko tayari, amevaa vizuri. Baba alicheka, kicheko kifupi ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama azikwe. Kisha nikamsikia akivuta pumzi karibu na maiki.

“Ulisema ningegonga mara ya pili ungefungua,” akasema. “Mimi nilijua ungefungua. Nilikusikia unahema nyuma ya mlango. Ulikuwa na watoto watatu humo ndani, na mtaa mzima ulikuwa unatutazama. Ndiyo maana niligonga mara moja tu. Ova.”

Mwalimu alibonyeza maiki. Taa nyekundu, ile ya kurusha sauti, iliwaka muda mrefu sana, na kule Gashoho baba hakuwa na cha kusikia ila mzee anahema. Mpaka leo sijamuuliza baba kama alichosema ni kweli, au alikitunga katika zile wiki mbili alipokuwa anakaa peke yake na shati lake safi, akimsikiliza. Sitamuuliza.